Baiskeli ya Kukulia

Tulimzika Afande Opio huko Busiu, nyuma ya nyumba aliyojijengea alipostaafu kazi ya magereza, na mtu wa mwisho kusimama kabla ya padri alikuwa Wafula. Wafula siku hizi ni mtu mzito pale Mbale, ana tumbo na ana ghorofa, lakini mimi namfahamu tangu alipokuwa mwembamba kama spoku, tukipanda baiskeli pamoja katika timu ile ya Jinja aliyoiongoza marehemu. Akashika kipaza sauti, akasema Afande alikuwa baba wa wote, halafu akaninyooshea kidole pale chini ya hema nilipokaa na wanawake wenzangu. “Yule dada mnayemwona pale, Nekesa, baiskeli yake ya kwanza ya mbio alipewa na Afande!” Watu wakapiga makofi. Mama aliyekaa karibu nami akanifinya paja nisimame nipunge mkono. Sikusimama. Nilimlilia Opio kwa machozi ya kweli, na nitamlilia tena, lakini baiskeli hakunipa. Kaburini hapabishaniwi, na mjane alikuwa amekaa mbele yangu, kwa hiyo nilimeza maneno yangu pamoja na wali wa msiba nikarudi nyumbani. Sasa niko mezani kwangu, na wali umeshuka. Nitasema.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na chumba cha kupanga Walukuba, pale Jinja, kwa Mama Kezia. Chumba chenyewe kilikuwa kitanda, jiko la mkaa, ndoo mbili, na ukuta wa mbao ambao haukufika darini, kwa hiyo mambo yote ya Mama Kezia niliyasikia mimi, na yangu aliyasikia yeye, hata nikijigeuza kitandani. Kazi yangu ilikuwa kusambaza mikate. Asubuhi napakia kreti kwenye baiskeli nyeusi ya pale tanuri la mikate, ile nzito yenye breki za vyuma, nazungukia vibanda vya Walukuba na Masese hadi Mafubira. Jinja ilikuwa imezoea kumwona mwanamke amekaa upande nyuma ya baiskeli, miguu pamoja, mkoba mapajani, anaendeshwa. Mwanamke anayekanyaga mwenyewe, tena amevaa suruali, walimfanya sinema. “Nnyabo, we mama, utamwaga mkate!” walinipigia kelele wanaume waliokaa kwenye baraza wakisubiri jua lipande. Mkate haukumwagika hata siku moja. Na siku nilipokuwa nimechelewa, nikikimbiza kreti tupu kwenye kilima cha Mafubira, nilimpita kijana aliyekuwa juu ya baiskeli ya mbio, amevaa kaptula ya kubana na miwani. Huyo ndiye Wafula. Nampa haki yake: hakuficha. Alikwenda moja kwa moja kwa kiongozi wake akamwambia, “Afande, nimepitwa na mkate.”

Opio alikuwa askari magereza, mtu wa Lira, mrefu mpaka alikuwa akiinama mlangoni kwake mwenyewe. Aliongea Kiswahili cha kambi, ambamo “nasema” ni ya mimi, wewe na yeye, Kiswahili ambacho watu wengi wa Jinja hawakukipenda, kwa sababu wazazi wao walikisikia mara ya kwanza kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Mimi nilizaliwa nacho, kwa hiyo alipokuja tanurini kuniita kwenye timu tulielewana siku hiyo hiyo. Jumapili baada ya mazoezi alitupeleka kwenye nyumba yake ya kazini, chumba kimoja chenye picha ya Bikira Maria na magurudumu yaliyoning'inizwa kama nyama buchani, na mke wake akatuwekea mihogo ya kuchemsha na ufuta uliosagwa. Nilikula na wanaume wale kutoka sahani moja. Hakuna aliyeniambia nikasaidie jikoni, na kama yupo aliyetaka kusema, Afande alimkata kwa jicho. “Huyu ni mpanda baiskeli,” alisema. “Akae.” Alinifundisha kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzangu bila kuligusa. “Wewe naangalia gurudumu kwa nini? Angalia bega! Bega nasema kabla gurudumu nasema!” Mpaka leo nikiwa barabarani naangalia bega. Kwa hiyo asije mtu akasema sikujua wema wake. Niliujua vizuri sana, na ndiyo maana nilikasirika sana.

Katikati ya mwaka akatokea Mutiso. Huyu alikuwa Mkenya, Mkamba mwenye duka la vipuri kwenye barabara kuu, katika zile nyumba za zamani za Wahindi zenye nguzo na baraza pana. Alikuwa na maneno matamu na hesabu kali. Aliniona nikikimbia na timu juu ya baiskeli ile ya mikate akapata wazo: atanunua baiskeli mpya ya mbio, itoke Nairobi, msichana aiendeshe kwenye mashindano ya kutoka Jinja kwenda Mbale akiwa na jina la duka mgongoni. “Wanaume wanaoendesha baiskeli wako wengi kama kumbikumbi,” alituambia. “Lakini huyu, watu watasimama waangalie. Na wakisimama, watasoma.” Nilicheka, lakini usiku ule sikupata usingizi. Mpya! Mimi sijawahi kuwa na kitu kipya. Viatu vyangu vilikuwa mitumba, blanketi langu lilikuwa la mtu, hata kitanda kilikuwa cha Mama Kezia. Kaka yake Mutiso kule Nairobi alikuwa akiuza baiskeli hizo, na swali lake kwenye simu lilikuwa moja tu: fremu namba ngapi?

Hapo ndipo penye kisa chote. Kwetu mtu akinunua baiskeli nyeusi haulizi namba. Anaivuka, anasimama katikati, bomba la juu likipita chini yake, miguu yote miwili ikigusa chini, basi, inamkaa. Ikizidi kidogo ni vizuri zaidi, kwa sababu baiskeli kubwa inabeba mkungu wa ndizi, gunia la mkaa, mke, na siku ikifika hata jeneza. Ndogo ni ya mtoto. Ni kama viatu vya shule: hununuliwi vya kukutosha, unanunuliwa vya kukulia, unavijaza matambara vidoleni na unashukuru. Basi Afande akachukua baiskeli ya Wafula, fremu ya sentimita hamsini na sita, akaniambia niivuke. Mimi nina miguu mirefu. Nimepewa miguu na Mungu akasahau kiwiliwili. Nikavuka, nyayo zikatua sakafuni. Wanaume wote wakaridhika. “Umeona? Inamkaa kabisa,” Wafula akasema. Afande akamgeukia Mutiso. “Andika hamsini na sita.”

Nikamwomba Wafula aniazime baiskeli hiyo hiyo wiki nzima. Kusimama juu ya baiskeli si kuiendesha. Usukani ulikuwa mbali, kama unanyoosha mkono kumsalimia mtu aliye ng'ambo ya mto. Mabega yakanipanda masikioni. Vidole viwili vya kila mkono vikafa ganzi kabla ya kufika Buwenge, na breki nilizifikia kwa ncha tu, jambo ambalo kwenye mteremko wenye malori si mzaha. Nikasogeza siti mbele ili nifikie. Magoti yakaanza kulia. Nikairudisha nyuma; shingo ikalia. Nilirudi nikiwa mkavu kama samaki wa kuanikwa, Mama Kezia akanikanda mgongo kwa maji ya moto na chumvi huku akiuliza kama mikate siku hizi imekuwa ya chuma. Mtu anaweza kuzoea njaa, anaweza kuzoea mwenye nyumba mbaya. Mkono mfupi hauzoei kuwa mrefu.

Nikamwendea Afande dukani kwa Mutiso, mbele ya wote, kwa sababu nilijua faragha ingenishinda. “Afande, ile ni kubwa. Nataka ndogo.” Akanicheka kwa upole. “Wewe bado mtoto. Utakua, itakutosha.” “Nimemaliza kukua, Afande,” nikamwambia. “Niliko ndiko nimefika.” Mutiso, ambaye alipenda ugomvi wowote usiomgharimu, akampigia kaka yake pale pale. Kaka akasema kupima kuna njia: msichana asimame peku ukutani, rula ibanwe juu kabisa katikati ya mapaja, upimwe mguu kwa ndani mpaka sakafuni, halafu kiwiliwili, halafu mkono. Wanaume wazima, wengine wamepigana vita, wakaanza kuangalia minyororo iliyoning'inia ukutani kama hawajawahi kuiona. “Msichana hapimwi pale,” Afande akasema. “Hiyo si heshima. Macho yanatosha.” Na unajua, hakuwa na ubaya. Alikuwa akinilinda. Walikuwa tayari kuniona nikivunjika shingo barabarani, mradi tu heshima yangu isivunjike dukani!

Kwenye baraza lile lile, nguzo ya pili, alikaa Mama Zaituni na cherehani yake. Huyu mama alipima wanawake wa Jinja kutwa, vifua na viuno, na hakuna aliyekufa. Nikatoka nikavua ndala, nikaegemea ukuta wa duka, nikachukua rula yake ya mbao nikaibana mwenyewe pale panapotakiwa. “Mama Zaituni, shikamoo. Nipimie.” “Marahaba. Hapa hapa, mwanangu?” “Hapa hapa.” Akaangalia wanaume waliojazana mlangoni, akaangalia barabara, boda zimesimama, akapiga magoti akavuta futi yake ya kupimia toka rula hadi kisigino. Akapima kiwiliwili. Akapima mkono. Kila alichopata nilikitangaza kwa sauti mimi mwenyewe, kama mnadani, na Mutiso akiwa na simu sikioni hakuwa na la kufanya ila kurudia. Sikushusha macho. Jibu likatoka Nairobi: hamsini na moja. Mutiso akasema haya, nimesikia, hamsini na moja. Afande alikuwa ameshaondoka.

Kabla ya jioni habari zilikuwa zimefika Walukuba, zimeongezwa viungo. Nikiwa najipakulia maharage nilisikia upande wa pili wa mbao wamama wa kanisani wamekuja kwa Mama Kezia. “Amejishika mbele ya wanaume!” “Barabara kuu, mchana!” “Bambi, maskini, nani atamwoa huyo?” Nikaacha kijiko hewani nisubiri Mama Kezia atasema nini, kwa sababu kesho yake angeweza kuniambia nihame na nisingekuwa na pa kwenda. Akamimina chai, nikaisikia ikimiminika. Halafu akasema, “Kale, haya, mimi nilipimwa gauni la harusi na fundi mwanamume, na kanisa likapiga vigelegele. Kunyweni chai.” Hakuniambia kitu siku ile wala baadaye. Mpaka leo nikifika Jinja nampelekea sukari.

Mzigo ukafika kupitia mpaka wa Malaba, katoni refu lililofungwa kamba za manjano. Mutiso alinunua soda, timu nzima ikaja, hata Mama Zaituni akazima cherehani yake. Wafula akakata kamba. Fremu ilikuwa nyekundu, nyekundu ya pilipili mbivu, na harufu ya mpira mpya ikajaa duka. Nikapiga magoti nikaisoma namba chini ya bomba la siti. Hamsini na sita. Nilisoma tena, nikidhani ni machozi ya furaha yananichanganya. “Bwana Mutiso, hii ni nini?” Mutiso akaangalia soda yake. “Afande alikuja jioni ile ya kupimwa tukapiga simu upya. Alisema yeye ndiye kiongozi. Mimi ni mfanyabiashara tu, dada.” Nikamgeukia Opio. Hakukwepa; hakuwa mtu wa kukwepa. “Sikia, Nekesa. Baiskeli ni ya timu. Leo wewe nakimbia vizuri. Kesho naolewa, nazaa, nakwenda. Sisi nabaki na nini? Baiskeli ya mtoto, nani atapanda? Hii kubwa, wewe naondoka, mwingine napanda.”

Aa! Kwa hiyo haikuwa macho yake yaliyokosea. Alijua. Alijua hainitoshi tangu kabla haijavuka mpaka, na alikuwa amenipimia siku ya kuondoka kwangu badala ya kunipima mimi. Wiki zote zile nilidhani tunabishana juu ya mikono na miguu. Nimefikiri sana juu ya dakika ile, sasa hivi nina binti aliyepita umri niliokuwa nao, na kila nikimwona mahali pa kazi anapewa meza ya muda, kiti cha muda, “kwa sababu utaolewa,” damu inanichemka upya. Watu husema mgeni hapewi ufunguo. Mimi sikuwa mgeni. Nilikuwa nimemwaga jasho la miezi kwenye barabara zile. Ningeweza kuichukua, nitakuwa mwongo nikisema sikutamani. Ilikuwa mpya, ilikuwa nyekundu, jina langu lilikuwa tayari limeshachapwa kwenye jezi. Nikainuka nikapangusa magoti. “Mpe Wafula,” nikasema. “Inamkaa.” “Wewe nakataa zawadi?” Afande akauliza, na kwa mara ya kwanza nilisikia ameumia. “Si zawadi yangu, Afande. Ni ya huyo atakayekuja nikiondoka. Basi naondoka, mumpe sasa.” Wafula, ambaye anasema leo kwamba nilipewa, alikuwa wa kwanza kuikalia. Aliiendesha hadi Mbale kwenye mashindano, akaja wa nne. Mimi siku hiyo nilikuwa nasambaza mikate.

Watu wakasema nina maringo. Mkate wangu wenyewe ukaanza kunuka dhihaka. Kila kibanda kina swali. Nikamwendea Mutiso, sikumwomba, nilimwambia: una tawi Mbale linalohitaji mtu wa kupeleka vipuri vijijini, na wewe una deni la ukweli kwangu. Nitafanya kazi hiyo, na badala ya sehemu ya mshahara utaniagizia fremu niliyoitaja mbele ya barabara nzima. Alicheka mpaka akakohoa. “Wewe ungekuwa Mkamba,” akasema, na akakubali. Kwa hiyo miezi iliyobaki ya mwaka ule niliishi Mbale, chumba nyuma ya ghala, dirisha likitazama mlima Wanale na maporomoko yake membamba, nikila malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga kwa mama mmoja aliyenisalimia “mulembe” kana kwamba nimerudi kwetu. Nilipeleka minyororo na mipira hadi Busiu na kurudi. Hakuna aliyenijua, na hakuna aliyecheka. Na hamsini na moja ikafika, ya kijivu tu, haina uzuri wowote, nikaipanda kwenye ua wa ghala. Nikanyoosha mikono bila kutazama, na usukani ulikuwapo. Sijui nielezeje. Maisha yangu yote nilikuwa nikivifuata vitu, na hiki kilikuwa kimenisubiri mahali mikono inapoishia. Nililia pale uani kama mjinga, na mlinzi akanipa maji.

Jumapili iliyofuata niliondoka Mbale alfajiri kwa njia ya Tirinyi, nikavuka kinamasi cha Mpologoma ukungu ukiwa bado umelala juu ya mafunjo, shingo haijalia, vidole viko hai vyote kumi. Nilijua timu kila Jumapili hugeuzia Nakalama kurudi Jinja, na hapo ndipo nilipowakuta, wamekaa kwenye baraza la kibanda wanakula chapati. Nikafunga breki mbele yao. Afande akainuka, akaja polepole, hakunisalimia wala sikumsalimia, akaizunguka baiskeli mara moja. “Nani amekununulia?” “Kazi yangu.” “Namba?” “Hamsini na moja.” Akanipokonya usukani kwa upole, akaivuka na miguu yake ile ya Lira, akajaribu kuketi. Magoti yakagonga usukani. Wafula akaangua kicheko, chapati ikamtoka. Opio akashuka, akasimama ameishika kwa mkono mmoja, akawatazama vijana wake mmoja mmoja, warefu wote, kisha akanitazama mimi. “Hii,” akasema, “timu nzima hakuna mtu naweza kupanda.”

“Najua, Afande.”

“Sasa siku wewe naacha?”

“Siku nikiacha, itaoza na mimi.”

Akanirudishia usukani wangu, akawageukia wanaume, sauti ya kambi ikamrudia. “Nyinyi nakaa bado? Mtu nakwenda!” Na kweli walipoinuka kutafuta baiskeli zao, mimi nilikuwa nimeshakwenda.